Yupo, Mzima

Nina miguu mizuri. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu wangu hawaamini. Wananiona na soksi zangu za sufu wanafikiri humo ndani kuna miguu ya mzee, iliyopinda na kupasuka kama barabara ya shambani. La. Vidole vyangu vyote vipo, vimenyooka, na kucha zimekaa mahali pake, isipokuwa kidole kimoja cha mguu wa kushoto ambacho kucha yake iliota kando, kama jino la mtoto. Hicho kimoja kina habari yake. Mjukuu wangu wa kike ni mwalimu huko Kiamunyi, na ni mwalimu mzuri kuliko wote hapo, hata wenzake wanajua. Yeye huwasimulia watoto wa darasa lake habari ya hicho kidole, lakini anaisimulia vibaya, anaruka sehemu tamu. Basi nimekaa chini niiandike mwenyewe.

Tulikaa Subukia, kwenye shamba la mzungu, miaka ya hamsini. Baba alikuwa mkamaji wa ng'ombe. Mama alichuma pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Nyumba za wafanyakazi tuliziita laini kwa sababu zilipangwa mstari mmoja, udongo na nyasi, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa yule. Juu yetu maua meupe ya pareto mpaka macho yachoke, chini yetu zizi la kukamia. Ng'ombe walilala vizuri kuliko sisi. Sisemi kwa uchungu, ni ukweli tu: zizi lilikuwa na sakafu ya simiti inayooshwa kila siku, na sisi tulikuwa na vumbi. Na ndani ya vumbi kulikuwa na funza.

Kama humjui funza, mshukuru Mungu. Ni mdudu kama kiroboto, mdogo hata humwoni akija. Anajichimbia kwenye kidole chako, anakaa humo anakula, ananenepa mpaka anakuwa kama punje ya mtama, mweupe, na doa jeusi katikati. Mwanzoni anawasha, na kule kuwasha, nisidanganye, ni kutamu. Unajikuna huku umefunga macho. Halafu utamu unaisha, na unaanza kutembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

Zamani nyanya yangu ndiye aliyekuwa akinitoa funza kwa mwiba, akinisimulia mambo ya kuchekesha ili nisahau maumivu. Lakini hizo zilikuwa siku za Imajensi, serikali ya wazungu ikiwasaka Mau Mau. Watu walihamishwa huku na huku, nyanya akabaki upande wa Molo, sisi tukawa Subukia, na bila pasi, karatasi ya ruhusa, hakuna aliyetembea. Mama alitoka kabla jua halijachomoza na kurudi jua likizama, vidole vimechakaa kwa maua. Baba alijaribu siku moja kunitoa. Mkono wa baba ulizoea chuchu za ng'ombe, haukujua kidole cha mtoto. Nilipiga kelele mpaka huko zizini ng'ombe wakakataa kushusha maziwa, na tangu siku hiyo nikamwambia funza wameisha. Hawakuisha. Walizaana.

Na tena kulikuwa na aibu. Mke wa nyapara, yule mkubwa wa wafanyakazi, alikuwa akisimama bombani akisema kwa sauti kwamba funza ni wa watu wavivu wasiofagia. Mama yangu alifagia kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nilificha miguu yangu kama mtu anayeficha nyama ya wizi.

Kitu kimoja tu kilinifanya nijikaze: shule. Ilikuwa ghala la zamani la mahindi, ng'ambo ya mto na juu ya kilima, na panya bado walikuwa wakipita kuulizia mahindi yao. Nilipenda shule kuliko chakula. Nilikuwa hodari wa hesabu za kichwa, na hilo si majivuno, muulize yeyote aliyebaki. Lakini baba aliniona nikichechemea. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole, kama anavyosemeshwa ng'ombe mwoga, kwamba kama miguu yangu haiwezi kunifikisha shule, basi itanifikisha kwa ndama, maana ndama ni hapo karibu na wanataka mtoto wa kuwaangalia. Nilijua maana yake. Wasichana wa laini walitoka shuleni namna hiyo hiyo, bila ugomvi wala kelele. Huyu kwa ndama, huyu kwa mtoto mchanga, huyu kwa kuni. Sikuwahi kuona hata mmoja akirudi.

Sasa mwalimu. Alikuwa kijana kutoka misheni, mfupi, na baiskeli kubwa kuliko yeye. Akishuka ilibidi aruke kama mtu anayeshuka kutoka darini. Huyu alikuwa na namna yake ya kuita majina asubuhi ambayo sijaiona popote tena. Kwake mtoto hakujiitikia mwenyewe. Jina lako likiitwa, aliyejibu ni yule uliyekaa naye benchi moja. Akutazame, aseme kama upo na kama u mzima. Na kama hupo, yeye ndiye anakwenda kwenu kukuona kwa macho yake, si kuuliza watu njiani. Mwalimu alisema yeye ana macho mawili tu na sisi ni wengi, basi atayaazima yetu.

Jambo zuri, sivyo? Lakini watoto ni watoto. Haikuchukua muda tukalifanya wimbo. Jina linaitwa, jirani anapaza sauti bila hata kugeuza shingo: "Yupo, mzima!" Jingine: "Yupo, mzima!" Tulikwenda mbio kama mashine ya kukoboa mahindi, tena kwa mapigo, na wengine wakigonga benchi. Mtoto anatetemeka kwa malaria, yupo, mzima. Mtoto hajala tangu jana, yupo, mzima.

Jirani yangu wa benchi alikuwa binti wa nyapara. Mashavu mawili kama maandazi, na viatu. Alikuwa mtoto wa pekee wa laini aliyevaa viatu, vyeusi, vya kufunga kamba, na alivitanguliza mbele ya benchi ili tusivisahau. Kwao walisema lugha yao na sisi yetu, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili cha shambani, ambacho ni kizuri sana kwa matusi. Mimi na yeye hatukupendana. Alikaa karibu yangu hata angeweza kuhesabu funza wangu mmoja mmoja, na kila asubuhi aliimba kwamba mimi ni mzima.

Lakini simlaumu peke yake. Siku hizo hata watu wazima walikuwa wamejifunza kutoona. Lori la askari lilikuja likachukua mtu, na kesho yake watu wakapita mbele ya mlango wake kama pale hapakuwahi kuwa na mlango. Ukiulizwa umeona nini, hukuona kitu. Mama zetu walitufundisha hivyo kwa upendo. Na sisi tulikuwa wanafunzi wazuri.

Basi asubuhi moja, wakati wa kiangazi, mwalimu akaingia darasani hivi: kichwa kimefungwa kitambaa cheupe mpaka kwenye nyusi, koti amelivaa nyuma mbele, vifungo vyote mgongoni, mguu mmoja una kiatu, wa pili uko kwenye gambuti, kiatu kirefu cha mpira, na amejishika kwenye fimbo akivuta mguu. Tukasimama. Tukamwamkia kama kila siku. Akaitikia kwa sauti ya mgonjwa, akafungua rejista, na kabla hajaita jina lolote akatuuliza, na mwalimu je, nani anamjibia?

Ghala zima likapaza sauti, na benchi zikagongwa: "Yupo, mzima!"

Akafunga rejista. Panya mmoja akapita juu ya boriti na kila mtu akamsikia. Kisha akamwuliza kitoto kimoja cha mbele, cha darasa la chini, anaona nini. Kitoto kikasema kwa hofu kwamba anaona mwalimu ana gambuti moja. Wengine je, hamkuiona? Tuliiona. Na kichwa? Tuliona. Na koti? Hapo mtu akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani, na sote tukacheka mpaka machozi, mwalimu naye akicheka, vifungo vikirukaruka mgongoni. Tulipotulia akauliza tena, polepole.

"Kama mliona yote hayo, kwa nini mkasema mimi ni mzima?"

Mvulana mkubwa wa nyuma, ambaye ndevu zilikuwa zimeshaanza kumtafuta, akasema, "Mwalimu, ndivyo tunavyosema."

Mwalimu akafungua kile kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Halafu akatuuliza habari za ng'ombe. Juu ya ng'ombe mtu angeweza kusema chochote siku hizo bila kuchukuliwa na lori. Akauliza, ng'ombe wa bwana mzungu akichechemea asubuhi, nani anajua? Tukashindana kujibu, maana hilo tulilijua. Mkamaji anajua, anamwambia nyapara. Nyapara anamwambia bwana. Bwana anakuja na mbwa wake, anainua ukwato, anapiga simu Nakuru, na kabla ya saa sita daktari wa ng'ombe amefika na gari. Hata memsahibu, mke wake, anakuja kutazama amevaa kofia.

"Vizuri," akasema. "Na mtu akichechemea?"

Sasa hakuna aliyeshindana.

Akasema maneno machache tu, na nimeyabeba maisha yangu yote, ingawa sikuyaelewa yote siku ile. Akasema anayekupiga umemjua, unaweza kumkimbia au kumshtaki. Lakini yule anayekutazama unaumia na kusema u mzima, huyo unakufa karibu naye na yeye hatajua alikuwepo. Akasema mtu haamki siku moja akawa hivyo. Anajizoeza kidogo kidogo kila asubuhi, kwa wimbo, huku akigonga benchi.

Kisha akafungua rejista upya, akatuambia safari hii macho kwanza, mdomo baadaye.

Zoezi lile lilichukua muda mrefu ajabu. Watoto waligeuziana vichwa na kutazamana kama watu wanaonunua mbuzi. Huyu ana jipu shingoni. Huyu macho mekundu. Huyu yuko mzima lakini kaptura yake haiko nzima. Mimi nilikuwa nikivuta miguu yangu chini ya benchi, nikiomba jina langu lipotee. Halikupotea. Binti wa nyapara akageuka. Akanitazama kuanzia nywele, akashuka polepole, akafika chini, akakaa hapo.

"Yupo," akasema. "Lakini si mzima, mwalimu. Ana funza, tena wengi. Anatembelea visigino, na wakati wa hesabu anauma kamba ya gauni."

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, wakanyamaza. Mimi masikio yaliwaka moto. Kwangu ilikuwa imekwisha, kwa maana habari ikishatajwa darasani, jioni iko kwenye laini, na baba ataisikia, na ndama wananingoja. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya mwalimu. Lakini jina lililofuata lilikuwa lake, na wa kujibu nilikuwa mimi.

Nikamtazama. Wallahi nilimtazama kama daktari wa ng'ombe. Nikaona mashavu, nikaona kola safi, nikaona vile viatu. Na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi yote ile: mguu mmoja ulikuwa ukisugua mwingine, taratibu, ndani ya ngozi ile nyeusi ya kiatu, bila kupumzika. Ile raha ya kuwashwa. Naijua.

"Yupo," nikasema. "Kama ni mzima sijui, mpaka avue viatu."

Ghala lililipuka kwa kicheko. Yeye akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu, na akasema mama yake amemkataza kuvivua mahali penye uchafu. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba halazimishwi. Yeye mwenyewe akainama akafungua kamba, akavivua, na miguu yake, jamani, ilikuwa mibaya kuliko yangu! Funza walikuwa wamekaa humo kama wapangaji waliopewa nyumba ya mabati. Mama yake alimnunulia viatu si kwa sababu ya utajiri, alimnunulia ili vifiche funza. Machozi yakamtoka. Na mimi niliyetaka kumzaba kofi nikajikuta nimesema, kwa lugha ile yetu ya shambani, "Nyamaza wewe, wangu wana watoto na wajukuu." Akacheka huku analia, kamasi zikitoka.

Siku ile hatukusoma. Tulitolewa nje nyuma ya ghala, karibu na pipa la maji, mwalimu akachemsha maji ya chumvi kwenye debe, akatafuta mafuta ya taa na pini, na pini akazipitisha kwenye moto. Ilionekana kwamba nusu ya shule ilikuwa imefuga. Sheria yake ilikuwa ile ile: unayemjibia ndiye unayemtoa. Wasichana wakubwa walituonyesha namna ya kuzunguka pembeni kwa ncha ya pini bila kumpasua mdudu. Binti wa nyapara alinishika mguu kama anashika nyoka. Yeye ndiye aliyening'oa ile kucha ya kidole cha kushoto, kwa pupa yake, na mimi nikampiga kichwani kwa kiganja, na yeye akasema, "Tulia, ng'ombe wewe," na tukaendelea. Nami nilipomtoa wake nilimtoa vizuri, bila damu. Mikono yangu imekuwa hodari tangu utoto.

Lakini ukishatolewa funza wengi kwa mara moja, huwezi kukanyaga. Mguu umekuwa chujio. Asubuhi iliyofuata nilijaribu kusimama, nikakaa. Baba akasimama mlangoni akanitazama, na hakugomba, na hilo ndilo lilikuwa baya. Akasema basi, nipumzike mpaka nipone, halafu tutazungumza habari za ndama. Akaenda zizini. Mama alikuwa ameshatoka. Nikabaki nimekaa mlangoni, miguu kwenye jua imepakwa mafuta ya taa, nikiwaza kwamba hesabu za kichwa nitawafundisha ndama.

Jua lilikuwa bado la chini nilipomsikia kabla sijamwona. Kii, kii, kii. Halafu akatokea kwenye kona ya laini: binti wa nyapara, kwenye gambuti za baba yake zilizojazwa matambara, akitembea kama bata, akisukuma wilbaro ya mbolea. Alikuwa amefika shuleni, jina langu likaitwa, hakuniona benchini, na sheria ni sheria, lazima aje kwa macho yake. Wilbaro ilikuwa nyongeza yake mwenyewe. Akaniambia nipande. Nikamwambia inanuka. Akasema na mimi nanuka mafuta ya taa, tutalingana.

Nikapanda. Tukapita katikati ya mashamba ya pareto, na akina mama wote wakanyoosha migongo, vikapu mkononi. Wakaanza kushangilia na kupiga vigelegele kama tunapelekwa harusini. Mama yangu alikuwa kati yao. Alijifunika mdomo kwa kanga, na mabega yalikuwa yakicheza. Kwenye mteremko dereva wangu alishindwa kushikilia, tukakimbia mbio hata mimi nikasali, na tukaja kusimama mahali pabaya kuliko pote: mbele ya zizi, ambapo baba yangu alikuwa amebeba ndoo ya maziwa na nyapara mwenyewe amesimama karibu yake.

Nyapara alitazama gambuti zake. Kisha akatazama wilbaro. Akamwuliza binti yake hiyo wilbaro ni ya nani.

"Ya mbolea, baba. Nitairudisha."

"Na huyo ndani?"

"Huyu ni wangu," akasema. "Mimi ndiye ninayemjibia."

Nyapara alikuwa mtu wa kutoa amri tangu asubuhi hadi jioni, na hapa hapakuwa na amri aliyoijua. Akamtazama baba yangu, baba akamtazama yeye. Sijui wanaume wawili wale walikuwa wamewahi kutazamana hivyo tangu wafanye kazi pamoja. Ng'ombe mmoja akapiga chafya. Mwishowe nyapara akasafisha koo na kumwambia binti yake asinimwage kwenye mtaro.

Baba akaweka ndoo chini. Akanisogelea, akainua mguu wangu mmoja, akautazama kwa makini, vidole vyote, hata pale kucha ilipokuwa. Nilikuwa sijawahi kumwona akitazama mguu wa mtu hivyo. Kisha akaurudisha taratibu kwenye wilbaro.

"Mimi nina binti anayepelekwa shule na mtoto wa nyapara," akasema. "Nitamweleza nani kwamba yuko kwa ndama? Nendeni. Ndama watapata mtu."

Tulifika jasho linatutiririka sote wawili, ingawa mimi sikusukuma kitu. Mwalimu alikuwa ametungoja na rejista wazi. Akaita jina langu tena, kwa heshima zote, kama mtu ambaye hajawahi kuliita. Yule mwenzangu akapanda kwenye benchi, akanigeukia, akanitazama juu mpaka chini bila haraka.

"Yupo," akasema.

"Mzima?"

Akafikiri. "Nusu, mwalimu. Lakini yupo."

Nilisoma mpaka darasa la nne, ambalo kwa msichana wa laini lilikuwa kama kufika Ulaya. Yule mwenzangu bado yuko, ni mjane, anakaa mjini Nakuru na mashavu yake yale yale. Tukikutana sokoni, kabla ya salamu, kabla ya habari za watoto, kila mmoja anainamisha kichwa na kutazama miguu ya mwenzake. Watu wanatushangaa. Acha washangae.